Saa za Tiketi na Saa za Nyumbani

Mkulima wa Makueni aliye shambani mwake huziona ndege zikipita juu kati ya Nairobi na Mombasa, na mara hazionekani tena. Safari hiyo ya kilomita 420 hivi haizidi saa moja hewani. Lakini ziko safari ndefu zaidi, na hesabu yake huwatatiza hata watu waliosoma.

Mwaka 1932 safari ya ndege kutoka London hadi Cape Town, kwa kupitia Nairobi, ilichukua siku 11 hivi. Tarehe 28 Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, mwendo wa karibu kilomita 11,850. Kwenda kulipangiwa saa 15, na kurudi saa 14. Sababu ya tofauti hiyo ni upepo: huko juu huvuma pepo zenye nguvu zitokazo magharibi. Huizuia ndege iendayo, na kuisukuma irudiyo.

Sasa tuhesabu. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku, katika miezi ya baridi ya Marekani, hufika New York saa kumi na mbili asubuhi. Mtu akihesabu kwa vidole ataona saa 7 tu. Je, saa 8 zimekwenda wapi? Hazikupotea. Jua hutuchomozea sisi kwanza, kwa hiyo saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 8, na katika miezi ya joto kwa saa 7. Ndege ituapo asubuhi kule, Kitui ni saa nane mchana. Basi mzazi asiyepata simu asubuhi asihangaike: mwanawe yungali hewani.

Kosa lenye hasara kubwa ni la tarehe. Katika tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku. Tuseme tiketi ya binti wa Mutomo yasema 00:30, Jumatano, tarehe 14. Maana yake ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumatano. Baba yake akidhani ni usiku unaofuata mchana wa Jumatano, watafika Embakasi ndege imekwisha kuondoka tangu usiku uliotangulia, na huenda nauli iliyopatikana kwa kuuza ng'ombe ikapotea.

Yawapasa kuondoka nyumbani Jumanne asubuhi. Kutoka Mutomo kuna mwendo hadi Kitui, kisha kilomita 170 hivi hadi Nairobi, na abiria wa ng'ambo hutakiwa kufika kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kufunga sanduku isome tiketi mara mbili. Ukiona saa imeanza kwa 00, jua kwamba safari yako huanza jioni ya siku iliyotangulia.