Je, Wajua? Jina la Kisangani kwa namba tupu

Katika lugha ya C, jina la mji wa Kisangani linaweza kuundwa kwa namba tupu:

char mji[] = {75, 105, 115, 97, 110, 103, 97, 110, 105, 0};

Kila namba ni msimbo wa ASCII: 75 ni K kubwa, 97 ni a ndogo. Herufi ni 9 lakini baiti ni 10, kwa sababu C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwaka 1972, haihifadhi urefu wa neno popote. Sifuri ya mwisho ndiyo inayoiambia printf, amri ya kuchapisha, isimame. Ikisahaulika, printf huendelea kusoma kumbukumbu isiyo ya neno hilo. Kosa hili ni baya hasa kwa mwanafunzi, kwani mara nyingine programu huonekana nzima kabisa.

Kiswahili kinatoshelezwa na ASCII. Kilingala, kinachozungumzwa pia Kisangani, kina ɔ na ɛ, ambazo hazimo humo. Katika UTF-8, msimbo mpana zaidi, ɔ huchukua baiti mbili, 201 na 148. Nayo ɛ ni 201 na 155. Kwa hiyo salamu ya mbɔtɛ, hata bila alama ya toni, ina herufi 5, ilhali strlen, inayohesabu baiti, hujibu 7.