UZI: "Wananchi walishirikishwa." Nani, lini, na kwa swali gani?

Leo tuzungumzie takataka. Najua mlikuwa mnangoja uzi wa madeni ya kaunti, utakuja tu. Lakini wiki hii nimesikiza redio asubuhi tatu mfululizo, na mjadala umekuwa sentensi mbili zinazopigana mateke.

Ya kwanza ni ya upande wa serikali ya kaunti: "Mpango huu wa taka ni wa wananchi wenyewe, tuliwauliza." Ya pili ni ya wapinzani wao: "Wananchi hawakuhusishwa hata kidogo."

Zote mbili zinaweza kuwa kweli, siku moja, ndani ya ukumbi mmoja. Najua kwa sababu nilikuwa ukumbini na jina langu limo kwenye karatasi.

Kaunti sitaitaja. Mkisoma hadi mwisho kila mtu atadhani ni yake.

Ilikuwa hivi. Jumatatu usiku mzee wa mtaa alituma ujumbe WhatsApp: kikao Jumatano saa tatu asubuhi, ukumbi wa wadi, kutoa maoni kuhusu mkakati wa kupunguza taka na kuzitumia tena. Siku moja na nusu ya kujiandaa. Mama mboga wa pale kona alifunga kibanda akaja. Vijana wanaozoa taka kwenye ploti zetu walikuja na mkokoteni, wakaufunga kwa mnyororo kwenye mti nje.

Mlangoni kulikuwa na daftari. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Tukasaini.

Saa tatu ikawa saa tano na nusu. Maafisa wakafika. Maombi. Utambulisho wa wageni, na nyinyi mnajua utambulisho wa wageni Kenya hii, kila mtu lazima asimame asalimie na asalimie tena. Kisha rasimu ikamulikwa ukutani kwa projekta. Kurasa hamsini na kitu, kwa Kiingereza, maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Nakala za kugawa hazikuwepo. Afisa akatuuliza, "Je, mnataka mtaa msafi?" Tukasema ndiyo. Nani atasema hapana?

Maswali yalipewa dakika ishirini. Karibu yote yalikuwa swali moja: lori la taka liko wapi. Ni swali halali, hata mimi nilikuwa nalo mdomoni. Lakini si hilo lililokuwa ndani ya rasimu. Afisa alisema atalifuatilia. Tukapewa soda na mkate, tukaenda zetu.

Wiki kadhaa baadaye nikapata rasimu iliyopelekwa bunge la kaunti. Kiambatisho cha mwisho kiliitwa ushahidi wa ushirikishwaji wa umma. Ndani yake ni lile daftari la mlangoni, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Sahihi niliyoweka nikiingia ilikuwa imegeuka sahihi ya kukubali. Na yale tuliyosema? Sentensi moja: wakazi waliunga mkono.

Sasa turudi kwenye sheria kidogo, halafu nitawaambia kilichokuwa ndani ya zile kurasa hamsini. Hapo ndipo kuna mambo.

Taka ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linasema wazi kwamba kuzoa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu viko chini ya kaunti. Kwa hivyo mbunge akikuahidi kampeni nzima kwamba atamaliza taka mtaani, muulize kwa heshima atatumia ofisi gani. Na gavana akisema tatizo ni Nairobi kuu, muulize vilevile. Serikali ya kitaifa inaweka sera na viwango, NEMA inatoa leseni na kukagua. Kuzoa na kupeleka mahali ni kaunti.

Halafu kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Hiyo ndiyo iliyozifanya kaunti nyingi ghafla kuandika mikakati. Inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando. Inataka kaunti ziweke vituo vya kukusanyia na kuchambulia vitu vinavyoweza kutumika tena. Na inamwajibisha mtengenezaji wa bidhaa kwa chupa na karatasi anazozileta sokoni, hata baada ya wewe kumaliza soda yako.

Na ushirikishwaji? Kifungu cha 10 kinauhesabu miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki. Kifungu cha 69 kinaurudia kwa mambo ya mazingira. Si hisani, si soda na mkate.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba haitoshi kurusha ujumbe mtandaoni kisha kuwaachia wenye hamu waende kuuchakura. Kuchakura! Katika uzi wa takataka, siwezi kuliacha neno hilo lipite.

Lakini tuwe waungwana kwa upande wa pili pia. Kushirikishwa si kura ya turufu. Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli na si wa kuigiza. Haikusema kila maoni lazima yafuatwe. Kaunti inaweza kukusikiza, ikapima, ikakataa. Kwa hivyo anayepiga kelele "hatukuhusishwa" kwa sababu tu maoni yake hayakushinda, anadanganya pia. Tofauti ni kama ulipewa kitu cha kujibu, muda wa kukisoma, na sababu ya kukataliwa.

Haya. Zile kurasa hamsini.

Jambo la kwanza lililonikamata: malipo. Mji uligawanywa kanda, kila kanda mkandarasi mmoja, analipwa kwa kila tani anayofikisha jaani. Soma tena jina la mkakati. Kupunguza taka. Na anayeutekeleza analipwa zaidi taka zikiongezeka! Ukimlipa mtu kwa tani, atapenda matope, atapenda mvua, atapenda maganda ya ndizi yenye maji. Hatapenda kabisa mtu anayetengeneza mboji nyuma ya nyumba.

Na hapa ndipo hesabu nzima ya taka za Kenya ilipo. Zaidi ya nusu ya kinachotoka kwenye nyumba zetu ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya ugali, majani ya sukuma. Ni vizito kwa sababu vina maji. Ndivyo vinavyonuka, ndivyo vinavyoleta nzi, ndivyo vinavyochafua karatasi na plastiki ambazo zingeuzwa. Viondoe kwenye gunia kabla hazijachanganyika, na lori linabeba chini ya nusu. Kilichobaki kinakuwa kikavu, na kina bei. Kile kilichooza kinakuwa mboji, au chakula cha funza wa kulisha kuku. Kuna vikundi vinafanya hivyo tayari, havingoji mkakati.

Nairobi peke yake inazalisha takribani tani 2,400 kwa siku. Piga hesabu ya nusu ya hiyo kwa bei yoyote ya tani. Mtaelewa kwa nini ukurasa wa malipo ni muhimu kuliko picha za watoto wanaopanda miti kwenye jalada.

Mikakati karibu yote ina sura nzuri ya kutenganisha taka. Sura ya malipo ndiyo inayokuambia kama walimaanisha. Magunia mawili nyumbani, lori moja linalokuja na kuyachanganya yote: hiyo mmeiona wenyewe.

Jambo la pili ni mahali. Rasimu yetu ilisema eneo la jaa jipya "litabainishwa baadaye". Yaani tuliulizwa maoni kuhusu kila kitu isipokuwa kile ambacho kingeleta ugomvi.

Dandora ndiyo mwalimu wetu hapa. Jaa lile lilianza miaka ya 1970. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Ukaja mpango wa kulipeleka Ruai, ukakwama, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba mamlaka ya viwanja vya ndege ilihofia makorongo wanaofuata taka wangegongana na ndege zinazotua JKIA. (Ndege na ndege. Kiswahili kiliwapa jina moja, angani hawapatani.) Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru jaa lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, malori yakaendelea kuingia.

Kibarani, Mombasa, jaa lilipofungwa mwaka 2018 pale ukingoni mwa maji, watu walifurahi, na haki yao. Lakini taka hazikuyeyuka baharini. Zilielekezwa Mwakirunge. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa anajisifu kufunga jaa, swali si kama wale wa pale waliulizwa. Hao watasema ndiyo mchana na usiku. Uliza kama wale wa upande wa kupokea waliulizwa, na waliulizwa kabla au baada ya lori la kwanza.

Jambo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Wale vijana wa mkokoteni. Tunawalipa shilingi mia mbili kwa nyumba kwa mwezi, wanakuja kila Jumamosi, mvua au jua. Wanachambua chupa na vyuma wanauza, ndiyo maana bei iko chini. Siku ya kikao walikaa safu ya mbele na walipiga makofi.

Ukurasa wa thelathini na kitu ulisema mtu yeyote atakayekusanya taka ndani ya kanda bila kuwa mkandarasi wa kanda hiyo atakuwa ametenda kosa. Walipigia makofi kifungu kinachowafanya wahalifu. Na sahihi zao ziko kwenye kiambatisho, chini kidogo ya yangu.

Nilipomwonyesha kiongozi wao kwenye simu, alinyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Sasa, mkubwa, hii ndiyo tulikula soda yake?"

Tukaandika waraka. Kurasa mbili tu, Kiswahili, tukiomba mambo manne: vikundi vidogo visajiliwe kama wakusanyaji wa hatua ya kwanza, kutoka mlangoni hadi kituoni, mkandarasi asilipwe kwa tani za jaani pekee bali pia kwa kilichookolewa, eneo la jaa litajwe kabla ya bunge kupitisha, na muhtasari wa Kiswahili uwekwe ofisi ya wadi. Tukapeleka nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti, moja ikapigwa muhuri tukarudi nayo. Tafadhali, msiwahi kuacha waraka bila kurudi na muhuri. Maoni ya mdomo kwenye ukumbi yanakuwa "wakazi waliunga mkono". Karatasi yenye muhuri lazima mtu aieleze.

Tuliitwa mbele ya kamati. Dakika kumi na tano, kijana wa mkokoteni akazungumza vizuri kutuliko sote. Alileta gunia moja akalichambua mbele yao mezani, akawaonyesha kinachoenda sokoni na kinachobaki. Mwakilishi wadi mmoja alifunika pua, lakini aliuliza maswali mazuri.

Mnaniuliza kwenye maoni kama ilisaidia, kwa hivyo niseme ilivyo. Kifungu cha kosa kilibadilishwa. Vikundi vilivyosajiliwa sasa vinaruhusiwa kukusanya na kupeleka kituoni. Muhtasari wa Kiswahili ulichapishwa, kurasa tatu, si mbaya. Malipo kwa tani yalibaki vilevile, na hakuna aliyetupa sababu. Eneo la jaa bado "litabainishwa".

Kwa hilo la jaa tumeandika barua nyingine, safari hii chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Tumeomba ramani ya maeneo yanayofikiriwa na kumbukumbu za vikao na wakazi wa maeneo hayo, kama vipo. Muhuri tunao. Siku ya 21 ni Ijumaa, na jibu likija nitalibandika hapa chini.