Je, Ingemfikia Shangazi?

Mwishoni mwa Machi 2020, saa tisa za usiku, simu yangu ililia. Alikuwa shangazi, kutoka kijijini Kilifi.

"Mwanangu, umelala? Amka uteleke chai ya rangi, bila sukari, unywe kabla jua halijatoka. Kuna mtoto kazaliwa, kasema hiyo ndiyo dawa ya korona, kisha akafa."

"Nani kakwambia, shangazi?"

"Watu wote wanasema. Wapigie na wenzio."

Asubuhi nikakuta nusu ya mtaa wetu wa Kisauni, Mombasa, wameshakunywa strungi, yaani chai hiyo ya rangi, wengine mara mbili. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Uvumi ule ulienea usiku mmoja tu, na haukuhitaji intaneti. Ulipita kwenye simu za vitufe, zile tunazoziita mulika mwizi, mtu akimpigia mtu. Wizara ya Afya ilikuwa na laini yake ya 719, lakini laini ile ilikaa ikingoja upige. Uvumi haukungoja, ulipiga wenyewe.

Tangu siku ile kila nikisikia habari za teknolojia iliyotuvusha wakati wa korona, naipima kwa swali moja: je, ingemfikia shangazi?

Nianze na iliyomfikia. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Siku tatu baadaye, tarehe 16, Benki Kuu ikatangaza kwamba kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 hakutatozwa ada. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kikapandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Lengo lilikuwa kupunguza noti na sarafu kupita mikononi. Hakuna programu mpya iliyopakuliwa wala semina iliyofanywa. M-Pesa ilikuwa nasi tangu 2007, na mawakala walikuwa kila pembe. Kilichobadilika ni bei na kiwango tu.

Bei hiyo si jambo dogo. Muuza mboga wa karibu na kwangu alikuwa hataki kusikia habari za kulipwa kwa simu. Ukinunua vitu vya shilingi 200, kumtumia kulikugharimu shilingi 11, zaidi ya nusu ya bei ya fungu la mchicha, na hapo hujahesabu ada ya yeye kutoa. Ada ilipofutwa, alikata kipande cha katoni, akaandika namba yake kwa kalamu nene, akakifunga ndani ya karatasi ya nailoni na kukitundika kwenye nguzo ya kibanda. Ujumbe ukiingia, anaiweka simu mbali na macho, anasoma jina la aliyetuma silabi kwa silabi, kisha ndipo anauachia mfuko.

Kuna jambo ambalo wengi hawakuligundua. Kutuma kulikuwa bure, lakini kutoa kwa wakala kuliendelea kulipiwa. Basi yeye hakutoa. Pesa alizotumiwa na sisi alizituma zilivyo kwa muuzaji wake wa jumla katika soko la Kongowea, naye akazipeleka mbele. Pesa zikawa zinazunguka ndani ya simu bila kushikwa na mtu. Kwa hesabu za Benki Kuu yenyewe, miamala ya shilingi 1,000 kushuka chini iliongezeka zaidi ya maradufu kati ya Februari na Oktoba mwaka ule. Usidhani kampuni za simu zilikuwa zikitoa sadaka. Zilipata wateja walioshika mazoea, na mazoea hayaondoki na gonjwa.

Wenzetu wa Afrika Magharibi walikuwa wameshaonja haya mapema. Ebola ilipoishika Sierra Leone mwaka 2014, wahudumu wa wagonjwa na wazikaji waligoma kwa sababu posho zao zilichelewa, nyingine zikiishia mifukoni mwa wengine. Serikali ilipoanza kuwalipa kwa simu, malipo yaliyokuwa yakichukua zaidi ya mwezi yakawa yanafika kwa muda wa kama wiki moja, na uchunguzi uliofanywa baadaye chini ya Umoja wa Mataifa ulikuta zimeokolewa zaidi ya dola milioni 10. Mtu anayebeba maiti za Ebola anataka kujua kwanza kama watoto wake watakula. Ukimaliza hilo, ndipo unaweza kumweleza habari za teknolojia nyingine.

Togo nayo, Aprili 2020, ilianzisha mpango wa Novissi. Fundi wa pikipiki au msusi aliyekatiwa riziki alibonyeza namba fupi kwenye simu yoyote, akaingiza namba ya kadi yake ya kura, na akikubaliwa pesa zikaingia. Wanawake walipewa faranga 12,250 kwa mwezi, wanaume 10,500. Asiye na kadi ya kura alibaki nje, na hilo ni doa.

Sasa nije kwa teknolojia ambazo hazikumfikia shangazi. Julai 2020 Kenya iliingia magazetini duniani kote kwa sababu ya maputo ya kampuni ya Loon, yaliyoelea kama kilomita 20 angani yakirusha intaneti katika maeneo ya kati na magharibi ya nchi. Lilikuwa jambo la kupendeza kulitazama. Lakini ili uipate intaneti hiyo ulihitaji simu ya 4G, na mtu wa kijijini mwenye simu hiyo ni nani? Januari 2021 kampuni ilitangaza kuyafunga, kwa kuwa biashara haikulipa.

Na masomo ya simu je? Mpwa wangu alikuwa darasa la saba. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na darasa lake halikurudi hadi Januari 2021. Mwalimu wao, Mungu ambariki, alikuwa akituma picha za maswali kwenye WhatsApp. Simujanja ya nyumba ilikuwa moja, ya mama, na mama alitoka nayo saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Mtoto alimngoja hadi karibu na saa za kafyu ya usiku, kisha akanakili maswali kwenye daftari mbio mbio kabla bando halijaisha. Kilichomsaidia zaidi ni vipindi vya masomo vya KBC, shirika la utangazaji la taifa, kwenye redio ya babu yake inayotumia betri. Redio! Chombo ambacho hakuna waziri anayekizindua kwa kukata utepe.

Msamaha ule wa ada za kutuma pesa ulikoma tarehe 31 Desemba 2020. Hapo ndipo ninapotaka kuwaomba wakubwa jambo. Agizo lile la Machi liwekwe kwenye sheria sasa, tukiwa wazima, ili siku gonjwa jingine likitangazwa ada zifutike siku hiyo hiyo bila kungoja barua. Malipo ya wahudumu wa afya wa jamii yapangwe kwenye simu kabla hawajagoma. Na Wizara ya Afya iwe na ujumbe wa sauti tayari, kwa Kiswahili, Kigiriama, Kiluo na Kisomali, ujumbe usiongoja mtu apige. Umpigie shangazi wenyewe, kabla ya saa tisa za usiku.