Kuloweka Viazi Usiku Kucha Hakuondoi Wanga

"Nikiviloweka viazi usiku kucha, sukari si inatoka?" Haitoki. Swali hili nimelijibu kliniki, harusini, hata msibani, na muulizaji huondoka amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyeitia hiyo sukari. Anachotaka hasa ni ruhusa ya kula viazi vya nazi bila hesabu.

Gramu 100 za kiazi mviringo kibichi zina wanga wa takriban gramu 17. Sukari yenyewe humo ni kidogo mno; kinachompandishia mwenye kisukari sukari ya damu ni wanga, ambao ukifika tumboni huvunjwa ukawa glukosi. Wanga huo umefungiwa ndani ya seli, na hauyeyuki katika maji baridi. Ule weupe unaotuama chini ya bakuli, ambao naletewa kama ushahidi, umetoka kwenye seli zilizopasuliwa na kisu, juu juu tu. Kiazi kizima chenye ganda hata huo hakitoi. Halafu tazama sufuria: viazi hivyohivyo vilivyolala majini vikianza kuvunjikavunjika, mchuzi unashikana. Unashikana kwa nini, kama wanga ulimwagwa asubuhi pamoja na maji?

Kuloweka kuna kazi yake. Vipande haviwi vyeusi, na chipsi hazibabuki upesi kwenye mafuta. Hayo ni mambo ya upishi, hayahusiani na dawa. Nisingepiga kelele kama imani hii ingekuwa inapoteza maji tu, lakini aliyeamini viazi vyake "vimetolewa sukari" hujipakulia mara mbili, tena na chapati pembeni, kisha anakuja kulalamika kwamba vidonge havifanyi kazi.

Sasa hiyo milo mnayoulizia kama inapatana na viazi vya nazi, haraka haraka. Keto: wengi hujiwekea gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku nzima, na viazi viwili vya wastani, kama gramu 300, vinazimaliza zote. Kula tui, viazi acha. Asiyegusa chochote cha mnyama: chakula chake hiki, mradi mpishi hakutia dagaa. Anayekwepa gluteni: hana shida, ila mchuzi usiongezwe unga wa ngano, na chapati aisahau. Anayepunguza mafuta: kasimele iwe kijiko tu, apikie tui la pili. Na tafadhali, msiniambie nazi haina lehemu. Ni kweli haina, lakini mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha lehemu ya damu.

Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, yeye maji yanamsaidia, ila ya moto: akate viazi vidogo vidogo, avichemshe kwenye maji mengi, ayamwage, ndipo avitie kwenye tui jepesi. Kiasi cha kula aulize kwa daktari wake, kwa sababu hata tui lina potasiamu.

Mwenye kisukari ale kiazi kimoja cha ukubwa wa ngumi, nusu ya sahani iwe mchicha au bamia, na kipande cha samaki. Chapati, mkate na wali visikae kwenye sahani hiyo. Apime sukari saa mbili tangu aanze kula, aandike namba na alichokula, aje na daftari kliniki.