Mashamba Yaliyounganishwa Ukikuyuni
Hapo zamani, katika wilaya za Kiambu, Nyeri na Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, mtu aliweza kuwa na vipande vingi vya ardhi, kimoja bondeni, kingine mlimani. Naye asiye na ardhi hakukosa njia: aliomba mahali pa kulima kwa watu wa mbari nyingine, akaitwa muhoi.

Mwaka 1954 ulitangazwa mpango wa Bwana R. J. M. Swynnerton. Vipande vilipimwa, vikaunganishwa kuwa shamba moja, na mwenyewe akapewa hati. Wakulima wakapanda kahawa, zao ambalo wengi wao walikatazwa kwa miaka mingi, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakachimba matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Fedha zikalipa karo za watoto.

Lakini si wote waliofaidika. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, na wengi walikuwa kizuizini, wasiweze kudai haki zao. Hati nyingi ziliandikwa majina ya wanaume. Ombi la muhoi halikuwa na nguvu mbele ya hati, na wengi wa namna yake wakawa vibarua. Aliyeikosa hati alikosa shamba, tena alikosa na jirani wa kumwomba.