Makazi ya Wafanyakazi wa Muda mjini Kitimat, Kanada

Kitimat, mji wenye wakazi wapatao 8,000 jimboni British Columbia, ulianzishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kiwanda cha alumini. Wajenzi wake walilala, pamoja na kwingineko, katika Delta King, meli kuukuu ya mtoni iliyogeuzwa bweni. Mwaka 2014, kiwanda kilipokuwa kikijengwa upya, meli nyingine ya abiria ilifungwa gatini kwa kazi hiyohiyo. Hata hivyo, kodi za nyumba zilikuwa zimekwisha kupanda na baadhi ya wapangaji wakatolewa, kwani mwenye nyumba hupata zaidi akipangisha chumba kimojakimoja kwa wafanyakazi wa mradi. Mradi wa gesi uliofuata ulijenga kambi yake yenyewe, yenye vyumba 4,500.