Sauti nene katika mji wa vumbi

Habaswein ni mji ulioitwa kwa jina la adha yake. Kwa Kisomali "habaas" ni vumbi na "weyn" ni kubwa, na mgeni atokaye pwani hahitaji kufasiriwa mara ya pili. Mji huu uko Wajir Kusini, mbele ya Modogashe kwa atokaye Garissa, karibu na kinamasi cha Lorian ambamo maji ya mto Ewaso Nyiro huishia. Kutoka hapo hadi mji wa Wajir ni zaidi ya kilomita 100, na kurudi Garissa ni mbali zaidi. Kwa hivyo gari huko si pambo. Gari ndilo libebalo maji, mbuzi wa mnadani, wanafunzi wanaorudi shule, na mja mzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku.

Nimeyatanguliza haya makusudi, kwani jambo nitakalolieleza laweza kuonekana kuwa ni la anasa: kutia amplifaya na subwufa katika gari lenye redio yake ya kiwandani. Huku kwetu Mombasa vijana wa matatu wamelizoea sana. Lakini mimi sikulifahamu sawasawa mpaka nilipofika Habaswein kwa shughuli za ukoo, nikawa nashinda chini ya kivuli cha mgunga kwa fundi mmoja wa redio za magari. Ni kijana aliyejifunza kazi Eastleigh, Nairobi, kisha akarudi kwao. Mali yake ni meza moja, kipima umeme, msasa na chuma cha kuunganishia risasi.

Siku ya pili akaja dereva mmoja, mtu mzima, mwenye Probox ya abiria. Redio iliyokuja na gari hakutaka itolewe, maana ilikuwa nzima na imekaa vyema pale deshibodi. Alitaka iongezewe nguvu tu.

"Abti," akamwambia fundi, "nataka besi. Nikiingia mjini wajue nimeingia."

"Adeer, watajua," akajibu kijana. "Lakini mimi kwanza nataka kujua kama asubuhi utaweza kutoka."

Abti ni mjomba na adeer ni ami. Ndivyo Wasomali waitanavyo kwa heshima hata pasipokuwa na udugu wa karibu. Dereva alicheka, lakini jawabu lile ndilo lililobeba ilimu yote ya kazi hii.

REDIO ILIYOTOKA KIWANDANI

Magari mengi tunayoyaendesha hushuka bandarini Mombasa yakiwa yameshatumika Japani. Redio za FM za kule huanzia megahezi 76, na zile za zamani hukomea 90. Vituo vya kwetu viko baina ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mwenye gari jipya kutoka meli hulalamika kwamba redio yake haipati kitu, na kazi ya kwanza ya fundi ni kuitilia kijisanduku cha kuyateremsha masafa ya hapa yaingie katika masafa ya kule.

Ila ya pili ni nguvu. Betri ya gari hutoa volti 12, na injini ikiwa inanguruma hufika kiasi cha 14. Kwa volti hizo, redio isiyo na chombo cha kuzipandisha haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 25 hivi za sauti safi, hata ikiwa usoni imeandikwa 50. Ukiifungua mpaka mwisho, haitoi sauti kubwa zaidi bali hukwaruza, na mkwaruzo huo ndio uuao spika. Tena spika ndogo ya mlangoni haina uwezo wa kusukuma hewa nyingi. Sauti nene hutaka hewa nyingi isukumwe, na hapo ndipo subwufa inapohitajiwa: spika pana, ndani ya sanduku zito lisilovuja.

Redio ya kiwandani aghalabu haina tundu la kutolea sauti kwenda katika amplifaya. Fundi wetu alizifuata waya za spika za nyuma, akaziunganisha na kijisanduku kipunguzacho nguvu ya sauti hiyo hadi kiwango ambacho amplifaya huweza kukipokea. Kisha akavuta waya mwembamba kutoka sehemu ya ufunguo ipatayo umeme pale gari linapowashwa tu. Waya huu ndio uiambiao amplifaya "amka" na "lala". Ukiunganishwa mahali penye umeme wakati wote, amplifaya haitalala kamwe, na betri italiwa usiku kucha mwenyewe akiwa kitandani.

WAYA NA FYUZI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi aliling'oa zulia la gari lote, akalaza waya mnene wa shaba kutoka betri mbele mpaka nyuma. Dereva alikuja na waya wake wa nyumba, mwembamba, akisema mbona umeme ni umeme. Kijana akamfanyia hesabu, nami nikaiandika.

Amplifaya yenye kutoa wati 300 za kweli hunywa karibu ampea 30 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Ampea 30 zikipita katika waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 5, volti nzima hupotea njiani, na wati 30 hivi hugeuka kuwa joto ndani ya waya, chini ya zulia, karibu na tangi la petroli. Waya wa milimita za mraba 16 hupoteza chini ya humusi moja ya volti hiyo. Na mnunuzi aukwangue waya kwa kisu kabla ya kulipa, kwani siku hizi ziko nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Hizo hupitisha umeme kwa kiasi cha thuluthi mbili tu ya shaba halisi.

Lakini kubwa kuliko yote ni fyuzi. Amplifaya huja na fyuzi yake mwilini, na wengi hudhani imetosha. Haikutosha. Fyuzi ile huilinda amplifaya, haiulindi waya. Tuseme waya umesuguliwa na bodi kwa mitikisiko ya barabara mpaka ngozi yake ikachubuka, shaba ikagusa chuma. Betri itamwaga mamia ya ampea kwa mkupuo, waya utageuka mkaa wa moto, na fyuzi ya nyuma haitajua kitu, maana umeme haukuifikia. Kwa hivyo sharti iwepo fyuzi nyingine palepale kwenye betri, isiwe mbali zaidi ya sentimita 45, na popote waya unapopenya chuma utiwe pete ya mpira.

Nilimwuliza kijana ni madereva wangapi wanaoikubali fyuzi hiyo ya pili. Akasema wengi huiona ni fedha ya bure, kwa sababu haiongezi sauti. Akaniashiria nyika iliyotuzunguka. "Gari likishika moto huko," akasema, "utamwita nani?"

Waya wa erthi nao una adabu yake. Uwe mfupi, mnene kama ule wa moto, na ukazwe kwenye chuma kilichopigwa msasa hadi king'are. Ukikazwa juu ya rangi, sauti ya injini itaingia ndani ya spika: ukikanyaga mafuta, nayo yalia kama mbu.

DENI LA BETRI

Sasa twarudi kwenye swali la asubuhi. Wati zote za subwufa hutoka katika altaneta injini inapozunguka, na katika betri inapozimwa. Chukua betri ya kawaida ya ampea 45 kwa saa. Gari limeegeshwa kivulini, injini imezimwa, wenyewe wanapiga soga na muziki unakula ampea 6 tu. Baada ya saa nne zimekwenda 24, yaani zaidi ya nusu ya akiba. Redio bado itaimba vizuri, ndiyo hadaa yake, lakini stata haitazunguka. Mjini Mombasa utawaita vijana wakusukume. Habaswein, saa nane za usiku, mgonjwa akiwa mlangoni, jambo hilo si la kuchekewa.

Kwa sababu hiyo kijana humshauri mteja achukue amplifaya ndogo. Sikio la binadamu lina hesabu zake: ukizidisha wati mara mbili, kutoka 100 kuwa 200, msikilizaji husikia nyongeza ndogo tu. Ili aone kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, wati sharti ziwe karibu mara kumi. Mwenye kununua wati elfu badala ya mia tatu hununua deni kubwa na sauti chache.

Halafu liko vumbi lililoupa mji jina. Amplifaya hujipoza kwa mapezi ya chuma mgongoni, na vumbi jembamba likijazana pale huwa kama blanketi. Fundi aliifunga imesimama ubavuni mwa buti, si chini sakafuni, wala si juu ya sanduku la spika litetemekalo. Akamwamuru mwenyewe aipige brashi kavu kila Ijumaa anapoliosha gari.

UNASIKILIZA NINI?

Kazi ilipokwisha, nilidhani dereva atatia ngoma za kisasa. La, alitia nyimbo za zamani za Kisomali zenye udi, ambao wenyewe huuita kaban. Hapo nilijihisi niko barazani kwetu. Udi huu na udi wa tarabu ni ndugu, na bahari iliyowaunganisha ni moja. Abdullahi Qarshe, ahesabiwaye kuwa baba wa muziki wa Kisomali wa sasa, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Na nyimbo nyingi za aina hii zimeponea chupuchupu. Mji wa Hargeisa ulipopigwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio ya hapo zilifichwa, nyingine zikafukiwa ardhini ili zisiangamie.

Uzi mnene wa udi hushuka hadi kiasi cha mitetemo 65 kwa sekunde. Spika ya mlangoni hulitoa pigo lile kwa udhaifu, ukabaki mlio wa juu kama wa kopo. Subwufa iliporejesha ule unene, nyuzi za chini zilisikika zikitembea zenyewe, na hapo nilikubali kuwa chombo hiki kina haki yake. Fundi alikiweka kichujio kwenye mitetemo 80, subwufa ichukue ya chini ya hapo tu, na mengine yabaki mlangoni. Kile kitufe cha amplifaya ambacho wengi hukidhani ni cha kuongeza sauti, alikizungusha kidogo sana. Kazi yake ni kulinganisha nguvu itokayo redioni na ile ya amplifaya.

Lakini kanda kuukuu haikurekodiwa na besi nyingi, na kisichokuwamo hakiletwi na subwufa. Ukiilazimisha, utapata mngurumo wa mashine iliyorekodi. Na kwa kisomo cha Kurani jambo ni wazi zaidi. Tofauti ya sini na thaa iko katika mitetemo ya juu, maelfu kwa sekunde, na besi ikizidi, herufi humezwa. Dereva alipotia kisomo, kijana aliizima kabisa subwufa. Ni jaribio zuri kwa kila mwenye redio: kama huwezi kuzipambanua herufi za msomaji, umenunua kishindo.

Na kishindo hakikai ndani ya gari. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7, na kioo cha gari wala ukuta wa mabati hauwezi kulizuia. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zimeweka desibeli 40 mchana na 35 usiku kuwa mwisho katika sehemu za ibada, kiwango cha mazungumzo ya chinichini. Kwa masikio yenyewe, Shirika la Afya Ulimwenguni lasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Dereva wa safari ndefu huzimaliza saa hizo upesi. Lakini Mwislamu hahitaji kipimo cha desibeli ili ajue kuwa apitapo msikitini watu wamo katika sijida, au mbele ya nyumba yenye matanga, mkono wake una kazi ya kufanya.

Ukitaka kuipima kazi ya fundi wako, ngoja gari limalize safari ya nusu saa muziki ukiwa juu, kisha ushike waya kwa kiganja. Ukiwa na joto, haukutosha. Fungua boneti uitafute fyuzi. Ikiwa haionekani karibu na betri, mrudishe kazini kabla hujamlipa. Kisha lilaze gari usiku kucha, na alfajiri, baada ya sala, lipige stata taa zikiwa zinawaka. Likiitika kwa mara moja kama lilivyoitika kabla ya subwufa kutiwa, hapo mlipe, na umwongeze.